Unakaa Lubumbashi, bazi yako ni N'Djili: unapanga vipi safari ya kazi?

Kopi_Katuba
Wakubwa, jambo. Tuko makopi (marubani wasaidizi) wanne wa ndege ya ATR 72. Bazi, pahali kazi inaanzia, tumepewa Kinshasa, uwanja wa N'Djili; familia zinabaki Lubumbashi. Planingi ni ya vipande: siku sita kazini, nne nyumbani. Tunaomba mwanga kwa haya: tusafiri siku ile ile ya kuanza au mapema? GP (tiketi ya bei ndogo ya wafanyakazi wa ndege) ya R2, yaani bila kiti cha uhakika, au kiti cha kokpiti? Chumba tukodi upande gani wa Kin? Na kampuni inadaiwa nini? Hadithi tuziache ku nganda, hapa mutupe namba.

Komanda_Ruashi
Jambo mudogo. Kabla ya tiketi, jua kwanza nani anakusafirisha. Hapo ndipo wengi wanachanganya.

MEP ni safari ya kampuni. Imeandikwa kwenye planingi, kiti ni R1 (cha uhakika), na saa zake zinahesabiwa kama kazi. Kwa kanuni za Ulaya, MEP ukiifanya baada ya kujiripoti na kabla ya kurusha, inaingia ndani ya muda wako wa huduma ya ndege, ila haihesabiwi kama mruko. Safari ya kutoka kwako Katuba mpaka N'Djili si MEP. Haihesabiwi kazi. Marekani nako ni vile vile chini ya kanuni yao ya sehemu ya 117, iliyoanza tarehe 4 Januari 2014.

Matokeo yake: programu ya planingi inakuona umepumzika siku nne, hata kama siku ya nne yote umeimaliza kwenye viti vya Luano, uwanja wa Lubumbashi, ukingoja jina lako liitwe. Mashine haitakukatalia kazi. Ni wewe wa kujikatalia.

Fungua manueli ya kampuni yenu, Sehemu A, sura ya 7. Tafuta neno bazi limeelezwaje na pumziko la chini ni saa ngapi. Ulaya, pumziko ukiwa kwenye bazi ni saa 12, au sawa na kazi iliyotangulia kama hiyo ilikuwa ndefu zaidi. Nje ya bazi ni saa 10, na ndani yake nafasi ya kulala saa 8. Wameandika pia kwamba kama njia ya kutoka nyumbani hadi bazi kwa kawaida inazidi dakika 90, mrubani afikirie kupata pa kulala karibu na bazi. Lubumbashi–Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,500. Kwa hiyo swali lako la kwanza limejibiwa: nenda mapema.

Mwana_Kamalondo
Yaya Komanda, samahani, si kila siku. Kipande kikianza saa 14:00 ya Kin, mutu anapanda ndege ya asubuhi Luano na anafika mapema sana. Kwa nini alipe usiku mmoja wa bure?

Komanda_Ruashi
Tuhesabu. Ndege inaondoka Luano 07:00. Umeamka 04:00. Mruko ni kama saa 2 na dakika 20, unatua N'Djili 08:20 ya pale. Unajiripoti 14:00, unafunga kazi 22:00. Saa 22:00 ya Kin ni saa 23:00 ya Lubumbashi, na mwili wako bado uko na saa ya Lubumbashi. Tangu 04:00 hadi 23:00 ni saa 19 macho wazi, na mruko wa mwisho unaufanya ndani ya hizo. Kwenye karatasi umefanya kazi saa 8 tu, kila kitu kiko sawa na sheria.

Inawezekana kwa sharti moja: uwe na kitanda Kin, na kati ya 10:30 na 12:30 ulale kweli. Kiti cha ofisi ya ekipaji si kitanda.

Njia nzuri ni kuhesabu kurudi nyuma. Chukua kazi ya 06:00 ya Kin. Unaamka 04:15. Saa 8 za usingizi, basi 20:15 umelala. Chumbani uwe umefika 19:00. Kutoka mlango wa ndege mpaka chumbani weka saa 2, hivyo gurudumu liguse pisti si baada ya 17:00. Sasa ndiyo sehemu ambayo watu wanaisahau: ndege unayoipanga isiwe ya mwisho yenye kutua kabla ya 17:00, iwe ile inayoitangulia. Kama siku hiyo ndege ni moja tu, unaondoka siku mbili kabla. Njo vile.

Mama_Planingi
Ninaongeza jambo la saa, maana kila msimu kuna mutu linamkamata.

Lubumbashi iko UTC+2, Kinshasa UTC+1. Planingi inaandikwa kwa Z, yaani saa ya UTC. Kazi ya 05:00Z ni 06:00 Kin na 07:00 Lubumbashi. Tiketi inaandika saa ya mahali ndege inapoondokea, na saa ya kufika kwa mahali inapotua. Ukitoka Luano 14:00 (12:00Z) unatua 15:20 ya Kin. Ukirudi, ukitoka Kin 16:00 (15:00Z) unatua 19:20 ya Lubumbashi. Kwa macho, kwenda ni saa moja na kidogo, kurudi ni zaidi ya saa tatu.

Simu ndiyo msaliti. Ukirudi nyumbani na simu ikabaki hali ya ndegeni, au umezima saa ya kujirekebisha, alamu yako bado iko Kin. Ukiweka 04:00 itaita 05:00 ya Lubumbashi. Chukua saa ya mkononi, iweke Z, usiiguse tena.

Na tafadhali, mukiandikia OPS (ofisi ya operesheni) msiandike «nitafika saa kumi na mbili». Aliyezoea kuhesabu kwa Kiswahili anasoma 06:00, aliyezoea kuhesabu kwa Kifaransa anasoma 12:00. Andika tarakimu nne na Z. Basi.

Neno lingine kutoka meza yangu: siku ya rezevu, ya kungoja kuitwa, ni siku ya kuwa Kin. Kama manueli inakupa dakika 90 za kujitokeza baada ya kuitwa, hakuna ndege ya Lubumbashi itakayokufikisha. Usijaribu kufanya rezevu ukiwa kwako eti «hawaitangi siku ya Jumapili».

Kopi_Katuba
Aksanti sana mama. Na R2? Tukiangalia kwenye programu tunaona viti sita wazi, tuko wanne, tunatulia?

Dada_wa_Devi
Hapana mudogo, usitulie. Viti na kilo ni vitu viwili. Mimi ninajaza devi, karatasi ya uzito wa ndege, nieleze kidogo.

Luano iko karibu mita 1,309 juu ya bahari. Mwezi wa kumi, saa nane ya mchana, joto linafika 33. Kwa urefu huo hewa ya kawaida ingekuwa na joto la 6 au 7 hivi, basi mumezidi kwa nyuzi 26. Kila nyuzi moja inaongeza kama futi 120 kwenye urefu ambao injini na bawa vinauhisi. Futi 4,300 za Luano zinakuwa karibu 7,400. Pisti si tatizo, ina mita 3,200. Kinachokata uzito mara nyingi ni kupanda kwa injini moja: ndege ya injini mbili, moja ikizimika, lazima ipande kwa asilimia 2.4 magurudumu yakiwa juu. Hewa ikiwa nyepesi, asilimia hiyo unailipa kwa kilo.

Halafu kuna mafuta. Kampuni ikiamua kubeba mafuta ya kurudia, tani moja na nusu ni watu kama 15 na mabegi yao (ninahesabu kilo 84 kwa mutu mzima na 13 za begi). Uzito wa kutua unafika mwisho wake, na mimi ninafunga orodha viti 12 vikiwa wazi. Wa R2 anaviona vile viti kupitia kioo na anafikiri watu wa eskali (wahudumu wa kampuni uwanjani) wanamchukia.

Kwa hiyo musiulize «viti vipo?» Mumuulize shefu wa eskali «kuna kilo?» Na mumuulize kama saa moja kabla ya kuondoka, wakati hesabu ya mafuta imekwisha kutoka. Mapema zaidi ya hapo hata yeye hajui.

Mambo yanayowasaidia: asubuhi na mapema, hewa ikiwa baridi, begi moja la mkononi, kilo 8, hakuna valizi ya chini. Mutu wa R2 mwenye valizi ni mutu wa kumuacha, kwa sababu nikimtoa dakika ya mwisho lazima niitafute valizi yake mu sute, tumboni mwa ndege. Mwenye begi la mkononi ninamuongeza kwa mstari mmoja wa mabadiliko ya mwisho na mlango unafungwa.

Mwana_Kamalondo
Na kiti cha kokpiti? Kile hakina shida ya kilo.

Dada_wa_Devi
Kina kilo kama kiti kingine! Mutu wa kokpiti anaandikwa kilo 85, na kwa vile anakaa mbele kabisa, anasukuma kitovu cha uzito mbele. Lazima jina lake liwe kwenye devi na kwenye deklarasio jenerali (karatasi ya majina ya waliomo). Asiyeandikwa ni mutu asiyejulikana ndani ya ndege, na siku ya tatizo hesabu ya waliomo haitoki sawa.

Komanda_Ruashi
Kwenye kiti hicho, mambo matatu.

Ruhusa ni ya komanda wa ndege ile, ndani ya yale manueli yao inaruhusu. Kampuni nyingine bila makubaliano ya maandishi, usiombe kwa kumtia aibu rafiki. Unajitambulisha kwenye mlango wa ndege, leseni na beji mkononi, unauliza, na ukiambiwa hapana unasema aksanti komanda.

Pili, viti vyenyewe ni vichache. ATR 72 ina kimoja. A320 na 737 mara nyingi vina viwili, na cha pili ni cha kubana magoti. Mkaguzi akitokea, au mwalimu mwenye mwanafunzi, wewe unashuka.

Tatu, na hili ndilo kubwa: saa 2 na dakika 20 pale nyuma si pumziko. Umevaa mikanda, umeelezwa barakoa ya oksijeni na kamba ya dirisha, na chini ya futi 10,000 hufungui mdomo isipokuwa umeona hatari. Hakuna anayelala vizuri pale. Kitumie kufika, usikihesabu kama usingizi.

Ukiniuliza utaratibu: siku ya kwanza weka jina R2 kwenye ndege mbili, kiti cha kokpiti kiwe akiba ya ile ya kwanza. Kama kazi ya kesho ni mtihani au simuleta, nunua tiketi kamili. Usicheze.

Kopi_Katuba
Tumesikia wengine wanataja Colgan kila wakizungumzia safari za bazi. Inahusu nini hasa?

Komanda_Ruashi
Colgan Air 3407, tarehe 12 Februari 2009. Ndege ya Q400, Newark kwenda Buffalo, waliokufa 50 pamoja na mmoja aliyekuwa nyumbani kwake chini. Bazi ya marubani ilikuwa Newark. Kopi alikuwa akiishi upande wa Seattle, pembe nyingine ya nchi: alisafiri usiku kucha kwenye ndege za mizigo kupitia Memphis, akafika Newark asubuhi ya siku ya kazi. Komanda wake alikuwa akikaa Florida, na alilala ndani ya chumba cha ekipaji uwanjani.

Sasa usiseme walianguka kwa sababu ya safari. Wachunguzi wa Marekani walitaja kama chanzo jinsi komanda alivyoitikia usukani ulipotikisika kuonya: alivuta badala ya kusukuma. Kuhusu uchovu walisema huenda ulipunguza uwezo wa wote wawili, ila kiasi gani haikuweza kuthibitishwa. Ajali hiyo ndiyo iliyosukuma sheria ya 2010 na, baadaye, hiyo kanuni ya 117. Lakini hata baada ya hapo, njia ya kwenda bazi ilibaki mikononi mwa mrubani mwenyewe. Kanuni inadai tu ufike ukiwa fiti.

Mutu_wa_Limete
Ninajibu la chumba.

Ku Kin musipime kwa kilomita. Kutoka Gombe mpaka N'Djili ni kama kilomita 25, na Bulvari Lumumba inaweza kuzimeza kwa dakika 45 au kwa saa tatu. Asubuhi watu wanamiminika kuelekea mjini, wewe unaenda kinyume, kwa hiyo kutoka Limete, kati ya Gombe na uwanja, kwa kazi ya 06:00 hakuna kizuizi. Taabu ni kazi ya jioni: kuanzia saa 15:00 kila mutu anarudi Masina na Kimbanseke, na wewe uko ndani ya msafara huo huo. Kazi ya 18:00, kutoka Limete ondoka 15:00. Na mvua ikinyesha, hata hesabu hii inavunjika.

Masina au Kartie 1 ya commune ya N'djili ni karibu zaidi, kodi ni ndogo, ila kelele! Kanisa la usiku upande huu, baa upande ule. Mwenye kuruka asubuhi hatalala. Ushauri wangu: parseli ya ndani, barabara ya tatu au ya nne kutoka bulvari, nyumba ya matofali yenye dari. Bati tupu mchana ni tanuru, na makopi wa zamu ya usiku wanalala mchana.

Chumba cha zamu kwa watu wanne: vitanda vitatu vinatosha kama planingi zenu zinapishana, lakini andikeni kabisa nani analala wapi kila usiku. Yule aliyekodi bila kitanda chake anakuta kitanda kimelaliwa saa tano ya usiku na kazi yake ni 05:00Z. Kama pesa ipo, kila mutu kitanda chake, mashuka yake, na kisanduku cha kufuli. Vitu vingine: pazia nzito jeusi, chandarua kwa kila kitanda, madumu manne ya lita 20, maana maji ya Regideso hayana ratiba, konvertisa na betri moja kwa feni na simu, umeme wa Snel ukikatika. Jenereta ya pamoja ya parseli isiwe chini ya dirisha lenu, iangalieni kabla ya kusaini. Garanti ya miezi kadhaa wenye nyumba wanaiomba mara moja, dai risiti.

Na malaria: anayetaka kunywa dawa ya kujikinga apite kwanza kwa daktari wa anga. Mefloquine (ile ya Lariam) mamlaka nyingi haziikubali kwa marubani, inaleta kizunguzungu na kuvuruga akili. Usiinunue tu ku farmasi kwa sababu jirani anaitumia.

Binti_Bagira
Kwa sisi wa Kivu hesabu hizi haziingii. Uwanja wa Goma ulifungwa Januari 2025 na wa Kavumu, ule wa Bukavu, Februari. Anayeishi Bukavu na bazi iko Kin anavuka Ruzizi kwanza, anaingia Rwanda, Kamembe au Kigali, halafu anatafuta ndege ya kimataifa. Hapo ni pasipoti, kadi ya njano, na siku mbili kamili kabla ya kazi. Ukikosa muunganiko mmoja hakuna «ndege inayofuata».

Kopi_Katuba
Pole sana dada. Na swali la mwisho lile, kampuni inadaiwa nini?

Mama_Planingi
Inategemea mstari mmoja wa mkataba. Tafuta mahali pa kuajiriwa na mahali pa kazi. Kitabu chetu cha sheria za kazi, Sheria 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inamtaka mwajiri atoe nyumba, au pesa ya nyumba, kwa anayehamishwa au aliyeajiriwa nje ya mahali pa kazi. Kama mkataba umeandika muliajiriwa Lubumbashi na kazi ni Kinshasa, muna hoja. Kama umeandika Kinshasa pande zote mbili kwa sababu mulisainia kule siku ya mahojiano, hoja imekuwa dhaifu. Musome kabla ya kusaini, na mukaguzi wa kazi yupo, mulango wake haulipishwi.

Ombeni pia mambo matatu kwa maandishi, hata kama ni barua pepe ya shefu pilote. La kwanza: R1 moja kwenda na moja kurudi kwa kila kipande. La pili: siku ya kwanza ianze mchana na ya mwisho iishe kabla ya 13:00, ili mupate ndege ya jioni. La tatu, ambalo marubani wa Marekani wanalo kwenye mikataba mingi: mutu akionyesha alijiandikisha kwenye ndege mbili zenye nafasi na akaachwa, haadhibiwi. Anaipoteza ile zamu, au anaungana na kipande mbele, basi.

Kifungu hicho kinafaa tu kama umetoa habari mapema. Ukiachwa, usingoje ya pili ndipo useme. Tuma hivi (FBM ni Lubumbashi, FIH ni Kinshasa):

«OPS, kopi [matrikule]. R2 FBM–FIH ya 05:00Z nimeachwa 04:35Z, sababu kilo. Niko R2 ndege ya 10:30Z. Kazi yangu kesho 05:00Z. Nitathibitisha 10:15Z. Kama nikikosa, sitakuwa na pumziko la kutosha: tayarisheni rezevu.»

Ile sentensi ya mwisho ndiyo ninayoitaka. Inanipa saa sita za kutafuta mutu. Ukinipigia 20:00 ya usiku, rezevu wangu amekwisha kulala na mimi sina la kufanya.

Mwana_Kamalondo
Nimekubali, yaya Komanda. Ila mukumbuke mwezi wa kumi na moja mpaka wa tatu: ngurumo za alasiri. Ndege ya jioni ya Lubumbashi ikichelewa Kin, ile ya asubuhi yake nayo inachelewa, kwa sababu ni avioni hiyo hiyo. Angalieni ndege yenyewe imelala wapi.

Dada_wa_Devi
Kweli kabisa. Ulizeni matrikule (namba ya usajili) ya ndege, si namba ya safari tu.

Na mukija na tiketi ya GP, nyinyi ni wasafiri: Go-Pass, ada ya uwanja, munanunua kama kila mutu, beji haiifuti. Muchukue dola safi. Noti yenye mpasuko mdogo pembeni, hata milimita mbili, itarudishwa dirishani, na nyuma yako kuna watu thelathini na mimi ninafunga devi.